Kubadilisha kontroli boksi ya injini: hakikisha kwanza imekufa, kisha tafuta kilichoiua

Kuchomoa kontroli boksi ya injini, yaani kompyuta inayoiongoza injini, kwenye Toyota IST na kuchomeka nyingine ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye spana namba 10 na bisibisi. Kazi yenyewe hasa iko kabla na baada ya hapo: kuthibitisha kwamba boksi kweli imekufa, kujua imekufa kwa nini, kupata nyingine inayolingana na gari lako, na kuifanya ikubali funguo zako. Magari mengi yanayoletwa na maneno "fundi kasema kontroli boksi imeungua" yana boksi nzima kabisa. Ugonjwa uko kwenye fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye nguzo hasi ya betri) ulioliwa na kutu, au sensa moja iliyopiga shoti. Mwenye gari analipa hela nyingi kwa kifaa ambacho hakukihitaji, na siku ya pili gari limelala palepale. Hiyo ni hela ya ada ya mtoto, kwa hiyo nitakaa sana kwenye upimaji kabla hatujashika spana.

Mfano wangu ni IST kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, yenye injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3 au 1NZ-FE ya lita 1.5. Nimeichagua kwa sababu imejaa barabarani kwetu, na kwa sababu Vitz, Probox, Funcargo na Corolla kadhaa za miaka hiyo zinatumia injini hizohizo. Mwenye Nissan, Mitsubishi au gari la Ulaya atafuata mpangilio uleule. Tofauti kubwa nitazitaja tukizifikia.

Boksi hii husoma sensa za injini kisha huamua nozeli zimwage petroli kiasi gani na koili zipige cheche wakati gani. Kwenye magari mengi ya otomatiki ya aina hii huamua pia gia ibadilike saa ngapi. Ndiyo maana ikiharibika dalili zake hufanana na za vitu vingine vyote: gari linazima ghafla, linawaka asubuhi na kugoma mchana, linamisi silinda moja hata ukibadilisha koili na plagi za cheche, gia inabaki moja tu, au mashine ya kusoma makosa haipati mawasiliano na injini. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo ambayo peke yake inatosha kuihukumu.

Anza na betri

Pima betri gari likiwa limezimwa. Betri iliyojaa vizuri husoma karibu volti 12.6. Piga stata huku ukiangalia mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 au hapo karibu, betri imechoka, na kompyuta yoyote inayopewa umeme hafifu hivyo itafanya vituko. Gari likiwaka, alteneta itoe kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikitoa 16, umepata ugonjwa wenyewe na huenda pia umempata muuaji wa boksi. Usiendelee mpaka chaji imerekebishwa.

Kisha umeme unaoingia kwenye boksi

Fungua kasha la fyuzi na utafute ile iliyoandikwa EFI, yaani ya mfumo wa kumwaga petroli, kwenye mfuniko. Usiitazame kwa macho tu. Pima kwa mita pande zote mbili. Rilei ya EFI ibadilishane nafasi na nyingine ya aina ileile iliyo jirani, uone kama hali inabadilika.

Sasa nenda kwenye boksi yenyewe. Katika Toyota nyingi ndogo zenye usukani wa kulia ipo nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Toa droo: bana kuta zake mbili kwa ndani ili vishikizo viachie, chomoa kamba ya kuizuia kama ipo, na itashuka yote. Kwa ndani utaona boksi bapa ya bati yenye soketi kadhaa na stika yenye namba. Usichomoe kitu bado. Unataka kupima ikiwa imeunganishwa.

Tafuta mchoro wa waya wa gari lako. Michoro ya Toyota hutumia herufi zilezile kwa miaka mingi, na ukizijua tano umeshinda nusu ya vita:

BATT: umeme wa kudumu moja kwa moja kutoka betri. Uwepo hata swichi ikiwa imezimwa.
IGSW: umeme unaokuja ukiwasha swichi.
+B: umeme mkuu unaopita kwenye rilei ya EFI.
E1: ethi ya boksi.
VC: volti 5 ambazo boksi yenyewe inazitoa kulisha baadhi ya sensa.

Pima kwa kupenyeza pini nyembamba nyuma ya soketi, ubavuni mwa waya. Kamwe usisukume ncha ya mita kwenye tundu la mbele. Tundu likipanuka, utakuwa umetengeneza hitilafu mpya ambayo itakuja kukusumbua baadaye kila gari likipita kwenye mashimo.

BATT, IGSW na +B zote zisome karibu sawa na betri swichi ikiwa imewashwa. Kwa ethi, weka waya mmoja wa mita kwenye E1 na mwingine kwenye nguzo hasi ya betri, kisha mwenzako apige stata. Usomaji usizidi volti 0.1 au 0.2. Ukiona nusu volti au zaidi, kuna ethi mbovu mahali fulani. Ifuatilie mpaka inapofungwa kwenye injini au bodi, sugua kutu mpaka bati ling'ae, na funga upya. Kipimo hiki cha ethi ndicho kinachorukwa kuliko vyote, na ndicho kinachookoa boksi nyingi. Ukipima ethi kwa omu (ukinzani wa waya) peke yake, gari likiwa limezimwa, unaweza kudanganywa, kwa sababu waya uliobaki na nyuzi mbili tatu bado utaonyesha omu chache. Unashindwa pale tu unapobebeshwa mzigo.

Baadhi ya Toyota zina pia pini ya MREL. Hapo boksi ikipokea IGSW hutoa umeme kupitia MREL ili kuamsha rilei, na rilei ndiyo inayorudisha +B. Kwa hiyo IGSW ikiwepo, ethi ikiwa nzuri, na MREL haitoi kitu, boksi inastahili kushukiwa. MREL ikitoa na +B haipo, shida ni rilei, fyuzi au waya.

Taa ya injini ina la kusema

Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi iwake. Isipowaka, gari haliwaki, na mashine haipati mawasiliano, mafundi wengi hapo hapo hutangaza kifo cha boksi. Subiri. Pima VC kwanza.

VC inatakiwa iwe kati ya volti 4.5 na 5.5. Ikiwa sifuri au karibu na sifuri, inawezekana sensa moja, au waya wake, imepiga shoti kwenda ethi na kuuvuta umeme wote wa volti 5 chini. Umeme huo ukianguka, akili ya ndani ya boksi nayo inazima, taa haiwaki na mashine haipati jibu. Boksi inaonekana maiti kumbe imekabwa. Acha mita ikiwa kwenye VC, kisha chomoa soketi za sensa zinazotumia volti 5 moja baada ya nyingine: sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), sensa za presha, na nyingine zilizo kwenye mchoro. Ukichomoa moja na VC ikarudi 5, umempata mhalifu, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na boksi. Ukiwa umechomoa zote na bado VC iko chini, chomoa soketi za boksi na upime waya wa VC dhidi ya ethi. Kama waya hauna shoti na umeme wote unaoingia ni mzima, sasa ndipo boksi inaweza kushtakiwa.

Mashine ya kusoma makosa

Tundu la kuchomekea mashine lina pini 16. Pini ya 16 ni umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni ethi. Mashine isipowaka kabisa, angalia fyuzi ya tundu hilo kabla ya kulaumu chochote.

Makosa yanayoinyooshea boksi kidole ni machache. P0606 ni hitilafu ya prosesa, P0601 na P0605 ni za kumbukumbu ya ndani. U0100 ina maana kompyuta nyingine za gari zimepoteza mawasiliano na boksi ya injini, jambo ambalo waya au ethi inaweza kulisababisha vilevile. B2799 kwenye Toyota ni ya immobilaiza, mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo unaotambuliwa, na kuibadilisha boksi kwa sababu ya kosa hilo pekee ni kutafuta tatizo kubwa zaidi. Hata ukiipata P0606, ifute, endesha gari, uone kama inarudi. Betri ikishuka sana wakati wa kupiga stata, kosa la namna hii linaweza kuandikwa mara moja na lisionekane tena.

Gari linalozunguka bila kuwaka, tazama kwenye mashine kama mzunguko wa injini unasomeka wakati wa kupiga stata. Ukisoma sifuri, angalia sensa ya krenki (mhimili mkuu wa injini) na waya wake kwanza. Bila taarifa ya krenki, boksi nzima kabisa haitoi cheche wala petroli. Na usihukumu kwa kusikiliza pampu ya petroli: katika Toyota nyingi za zamani pampu haianzi ukiwasha swichi, inaanza injini ikizungushwa.

Hitilafu inayokuja na kuondoka

Hii ndiyo inayochosha. Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka. Injini ikiwa inanguruma, gongagonga boksi kwa mpini wa bisibisi, polepole. Tikisa furushi la nyaya karibu na soketi. Kisha ipulizie hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika chache. Injini ikizima au ikianza kumisi wakati wa kugonga au kupasha moto boksi peke yake, huku nyaya zimetulia, kuna uwezekano mkubwa wa ufa kwenye risasi ya kulehemu iliyoshikilia vifaa vya ndani.

Ufa wa namna hii unatokea hata kwa boksi zilizotoka kiwandani zikiwa mpya. Agosti 2010 Toyota iliita zaidi ya magari milioni moja Amerika Kaskazini, Corolla na Matrix za modeli za 2005 hadi 2008, ili boksi za injini zikaguliwe na kubadilishwa, kwa sababu nyufa zingeweza kujitokeza kwenye viungo vya risasi au kwenye kifaa kidogo cha kulinda saketi, na injini ikazima barabarani. Mwenye gari lililoagizwa kutoka Marekani la miaka hiyo aiweke habari hii akilini.

Kabla ya kuweka nyingine, tafuta kilichoiua

Hapa ndipo watu wanaungua mara mbili. Boksi haifi bila sababu, na sababu ikiachwa kwenye gari itaimaliza na ile utakayonunua.

Mfano unaojulikana sana ni Nissan Maxima za 2000 na 2001. Zina valvu ya kudhibiti sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, ambayo maji ya rejeta hupita karibu yake. Gasketi ikichoka, maji yanaingia kwenye mota ya valvu, mota inapiga shoti, na sehemu ya boksi inayoiendesha inaungua. Anayebadilisha boksi na kuacha valvu anaunguza boksi ya pili mara tu anapowasha. Kwa hiyo ukiwa na Nissan ya zama hizo na kosa la P0505, ambalo ni la mfumo wa sailensi, chomoa valvu, pima omu za koili zake, na angalia kama ndani kuna unyevu.

Kwenye BMW na magari mengine ya Ulaya ambayo koili za cheche huendeshwa moja kwa moja na boksi, koili iliyopiga shoti inaweza kuunguza njia yake ndani ya boksi. Silinda moja haipati cheche hata ukiweka koili mpya. Badilisha koili zote kabla ya kuunganisha boksi nyingine. Kwenye 1NZ-FE hali ni nafuu, kwa sababu kila koili ina swichi yake ya ndani na boksi inatuma ishara tu. Hata hivyo pima nozeli na solenoidi (valvu za umeme) zote zinazoendeshwa na boksi. Iliyo na omu karibu na sifuri isiunganishwe.

Sababu nyingine zinatokana na mikono yetu. Kuunganisha betri kinyume au kubusti kinyume. Kuchomelea bodi au egzosi bila kutoa nguzo hasi ya betri. Alamu ya mtaani iliyokatiwa nyaya za boksi na kufungwa kwa nailoni. Ukikuta nyaya zimeungwa karibu na boksi, rudisha hali ya kiwanda kwanza, kisha upime tena. Mara nyingi gari linapona hapo.

Na maji. Masika yanapofika na magari yakafunikwa na maji pale Jangwani, Dar es Salaam, wengi huharibu wenyewe kilichokuwa bado kinaokolewa, kwa kuwasha swichi kuona kama gari litawaka. Gari lililoingia maji litolewe betri mara moja. Boksi ichomolewe, ifunguliwe, isafishwe kwa spiriti safi ya aina ya isopropili na brashi laini, ikaushwe mpaka uwe na uhakika. Kwenye Volkswagen Passat na Audi A4 za miaka ya 1990 mwishoni, boksi inakaa karibu na wipa kwenye uwazi ambao tundu lake la kutolea maji huziba kwa majani, na maji yanaifikia bila mafuriko yoyote. Zibua tundu hilo kabla ya kuweka boksi nyingine.

Kuna boksi ambazo hazihitaji kubadilishwa, zinahitaji fundi wa elektroniki. Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Toyota kadhaa za wakati huo zikiwemo Lexus LS400 na Celsior za mwanzo, zina kapasita (vifaa vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi) zinazovuja. Majimaji yake hula njia za shaba kwenye bodi. Ukifungua utasikia harufu kama ya samaki na kuona alama za kahawia kuzunguka miguu ya kapasita. Ukiwahi, kapasita chache mpya zenye kiwango cha nyuzijoto 105 na usafi mzuri zinarudisha boksi kazini kwa gharama ndogo mno.

Kununua boksi inayolingana

Soma stika. Boksi za injini za Toyota huwa na namba inayoanza na 89661, ikifuatiwa na kistari na tarakimu au herufi nyingine tano. Namba yote ilingane, mpaka tarakimu ya mwisho. Boksi mbili zinaweza kuwa na umbo moja na soketi zinazoingiliana, huku moja ni ya gari la 4WD, nyingine ya lita 1.3, nyingine ya gia ya mkono. Gari linaweza hata kuwaka, kisha gia zikawa na vurugu au mafuta yakaliwa bila sababu. Muuzaji akikuambia "hii inaingiliana", mwombe namba.

Boksi nyingi zinazouzwa Ilala na Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, zimetolewa kwenye magari yaliyokatwa, mengine yakipitia Sharjah, Falme za Kiarabu. Hakuna ubaya wowote. Boksi ya Kijapani iliyotumika kwa uangalifu hudumu. Lakini maduka mengi yana sheria kwamba vifaa vya umeme havirudishwi. Kwa hiyo kubaliana kabla ya kutoa hela: uijaribu kwenye gari, au upewe siku chache za kurudisha. Ikague. Pini zote zimenyooka? Kuna ukungu wa kijani au mweupe? Skrubu za kifuniko zimewahi kufunguliwa? Kama gari lako lina immobilaiza, ulizia boksi pamoja na ufunguo wa gari ilikotoka. Hilo swali moja linaweza kukuondolea shida yote ya sehemu ijayo.

Immobilaiza

Utajuaje gari lako linayo? Chomoa ufunguo na uangalie dashibodi: taa ndogo nyekundu ya ufunguo au ya usalama inayopepesa ni dalili. Nyingine ni pete ya plastiki yenye waya kuzunguka tundu la ufunguo. IST na Vitz nyingi zilizouzwa Japani hazina, na kwa hizo boksi yenye namba sahihi inachomekwa na gari linawaka.

Kwenye Toyota za zamani ambazo immobilaiza imo ndani ya boksi ya injini, boksi iliyotumika inakumbuka funguo za gari lake la zamani. Injini itazunguka bila kuwaka, au itawaka sekunde moja na kuzima. Njia ni tatu. Ya kwanza ni kutumia ufunguo uliokuja nao: chipu yake inahamishiwa kwenye kichwa cha ufunguo wako. Ya pili ni kuhamisha kumbukumbu: ndani ya boksi kuna chipu ndogo yenye miguu minane, mara nyingi ya aina ya 93C56 au 93C66, ambayo fundi wa elektroniki huisoma kwenye boksi yako ya zamani na kuiandika kwenye nyingine. Ya tatu ni kuirudisha kumbukumbu hiyo kwenye hali ya upya ili ijifunze funguo zako. Ninapendelea ya pili, kwa sababu funguo zako zote zinaendelea kufanya kazi bila kubadilishwa kitu.

Kwenye Toyota za baadaye ambazo immobilaiza ina kompyuta yake peke yake, boksi ya injini na kompyuta hiyo zinatakiwa zijuane. Nyingi zina utaratibu usiohitaji mashine. Unganisha pini ya 13, iitwayo TC, na pini ya 4, iitwayo CG, kwenye tundu la pini 16 kwa kipande cha waya. Washa swichi bila kupiga stata. Acha hivyo dakika 30. Zima, toa waya, jaribu kuwasha. Weka chaja kwenye betri muda wote huo. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuunganisha, maana pini ya 16 ina umeme wa moja kwa moja, na ukiigusisha na ethi utaunguza fyuzi ukiwa na bahati.

Magari ya Ulaya ni magumu zaidi. Boksi mbadala iwe na namba ileile ya kifaa, na fundi mwenye vifaa vya mezani anakili programu yote na kumbukumbu yote kutoka ya zamani kwenda mpya. Boksi ya zamani ikiwa imeungua kiasi kwamba haisomeki, jiandae kwa gharama kubwa.

Kwa fundi mwenzangu: kazi ya funguo na immobilaiza usiifanye bila kuona kadi ya gari, au logibuku kwa majirani wa Kenya, na namba ya chesisi ilingane. Mteja mkweli hatachukia kuulizwa.

Kuchomoa na kufunga

Zima swichi, toa ufunguo. Fungua nguzo hasi ya betri kwa spana namba 10 na usubiri angalau sekunde 90, kwa sababu ya ebegi (mfuko wa hewa wa usalama) iliyo juu tu ya pale utakapofanyia kazi. Piga picha ya soketi zote kwa simu. Shika bati la bodi kwa mkono kabla ya kugusa boksi, kutoa umeme tuli wa mwilini.

Kila soketi ina kifungo. Kibonyeze mpaka mwisho, kisha vuta kwa plastiki, usivute kwa nyaya. Ikigoma, kuna kifungo hujakiona. Fungua nati za bracketi, toa boksi pamoja na bracketi yake. Hamishia bracketi kwenye boksi mpya, kwani husaidia pia kuishika imara isitikisike. Tazama ndani ya soketi za gari: pini iliyorudi nyuma au yenye kutu ishughulikiwe sasa. Rudisha soketi kuanzia kubwa kwenda ndogo, kila moja mpaka usikie mlio. Kaza nati, na ndipo urudishe nguzo ya betri. Droo iache nje kwanza.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Washa swichi na uangalie taa ya injini: iwake. Ngoja kama sekunde kumi, kisha piga stata. Sailensi ikiyumba dakika chache za mwanzo, usiikimbilie. Boksi inajifunza throto upya. Usikanyage mafuta. Zima kiyoyozi na taa, acha injini ipate moto mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima. Kama sailensi bado iko juu au chini, safisha throto, kwani boksi mpya haina yale marekebisho ambayo ya zamani ilikuwa imeyafanya kufidia uchafu wa miaka.

Futa makosa yaliyohifadhiwa. Kwenye mashine tazama joto la injini, volti, na marekebisho ya petroli. Injini ikiwa moto, marekebisho yakae ndani ya asilimia 10 juu au chini. Yakizidi hapo na namba ya boksi ni sahihi, tafuta hewa inayoingia isipotakiwa au nozeli chafu. Endesha kilomita 15 au 20, mjini na kwenye barabara ya kasi, gia zote zipite, kisha soma makosa tena. Lile lililosababisha uanze kazi hii lisiwepo. Ndipo urudishe droo.

Boksi ya zamani usiiache gereji wala kuiuza kama chakavu. Iandike namba ya gari na tarehe, ifunge kwenye mfuko mkavu, uiweke nyumbani. Ndiyo yenye kumbukumbu ya asili ya funguo zako, na siku ile mpya ikisumbua, fundi ataihitaji.